Gari Jipya la Mkunga

Wazee walipotuachia methali isemayo mficha uchi hazai, hawakuwa wakizungumzia chumba cha kujifungulia peke yake. Walimaanisha kwamba mwenye shida akiona haya kuitaja, msaada humpita mlangoni akiutazama. Mkunga mmoja aliijua methali hii kama alivyojua jina lake. Kila mjamzito aliyeingia zahanati kwake akijifanya mzima aliambiwa hivyo, kwa sauti ya upole isiyokubali ubishi, na kila mmoja aliishia kusema panapouma. Kwake mwenyewe, hata hivyo, methali hiyo ilikuwa dawa ya kuwapa wengine.

Mkunga huyo alikuwa amenunua gari jipya, kutoka duka lenye vioo virefu na sakafu ya kuteleza. Alijinyima miaka mingi ili alipate, kwa sababu watoto hawachagui saa ya kuzaliwa, naye alikuwa amechoka kusubiri usafiri wa watu. Mumewe alilibandika jina la Bibi Harusi, kwa weupe wake na jinsi lilivyooshwa kila asubuhi. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alicheka sana. Alisema mwenye akili hununua gari lililotumika, jipya ni maringo tu. Mkunga akamjibu mbele ya familia nzima kwamba rahisi huishia kuwa ghali, na kwamba wangeonana mbele ya safari.

Jibu hilo ndilo lililomfunga mdomo mkunga mwenyewe. Hata mwezi haujaisha, Bibi Harusi alianza kuzima. Injini ikishapata moto na gari likasimama kwenye taa za barabarani, lilitetemeka kidogo, kisha kimya. Likipoa liliwaka tena kama si lenyewe. Aibu ikamvaa mwenye gari. Akawa analiegesha kwenye mteremko, ili likigoma aliserereshe, na nyumbani akasema siku hizi anapenda kutembea kwa ajili ya afya. Fundi wa mtaani aliitwa kwa siri, akafungua, akafunga, akaondoka na chake. Na gari lilipopelekwa dukani kwa huduma ya kawaida, msimamizi wa karakana alipouliza kama kuna tatizo, mkunga alijibu kwamba halina neno. Msimamizi huyo hucheza karata na shemeji kila Jumamosi.

Miongoni mwa wajawazito wake alikuwamo wakili mmoja kijana, mwenye mimba ya kwanza, aliyeficha kila maumivu asije akaonekana dhaifu. Naye alipewa methali yake. Uchungu ulipomshika mchana mmoja, mkunga aliitwa kutoka nyumbani, na Bibi Harusi akazima katikati ya makutano. Mkunga aliliacha papo hapo, akavua viatu, akakimbia. Alijua kwamba muuguzi wa zamu alikuwa bado mgeni wa kazi. Alifika kichwa cha mtoto kikianza kuonekana, akanawa mikono, akampokea salama msichana mwenye sauti ya kudai. Kisha akatoka nje akalia, kwa furaha na kwa hofu pia, maana angechelewa kidogo tu angemkosa.

Asubuhi yake wakili, mtoto akiwa kifuani, alimuuliza kilichomchelewesha. Mkunga akasingizia foleni.

"Foleni gani hiyo ya gari moja, mama?" wakili alisema akitabasamu. "Mume wangu alikuona ukikimbia na viatu mkononi. Mimi uliniambia mficha uchi hazai, na nimezaa. Sasa zamu yako."

Mkunga akaketi kwenye ncha ya kitanda, akasema yote. Wakili akamweleza kwamba sheria haimwachi mnunuzi njia panda. Gari jipya likiwa na kasoro inayojirudia, muuzaji akapewa nafasi za kutosha kulitengeneza akashindwa, mwenye gari ana haki ya kudai jingine au kurudishiwa alicholipa.

"Umewahi kuwaambia?"

"Sijawahi."

"Basi kwao gari lako ni zima kabisa."

Akamwonya pia kwamba fundi wa mtaani asiliguse tena, wasije wakadai ndiye aliyeliharibu. Lakini kusema dukani ni kusema mbele ya msimamizi, na mkunga aliona heri shemeji alisikie jambo hilo kwake mwenyewe. Jumapili hiyo, familia ikiwa mezani, alilitoa. Alingoja kicheko. Shemeji akatazama sahani yake.

"Shemeji, hata langu liko gereji siku nyingi," alisema. "Niliposema nimemwazima rafiki, niliwadanganya."

Tena yeye alilinunua kwa mtu wa njiani ambaye simu yake haikupatikana tena. Hapo mume wa mkunga alicheka mpaka akapaliwa na maji, na wote wakamfuata, shemeji mwenyewe akiwa wa mwisho kunyamaza.

Dukani walilipokea gari, wakabadilisha kifaa, wakasema limepona. Likazima. Wakabadilisha kingine, likazima tena. Aliporudi mara nyingine, meneja alimwambia kwa heshima zote kwamba labda ni uendeshaji wake.

"Mwanangu," mkunga akamjibu, "kazini kwangu sijawahi kumwambia mwenye uchungu kwamba anaigiza. Liendeshe wewe."

Meneja akashika usukani, mkunga akakaa kando amekunja mikono. Walizunguka mji hadi injini ikapata moto. Kwenye makutano taa ikawa ya kijani, Bibi Harusi akatetemeka, akanyamaza. Honi zikalia nyuma yao. Meneja akazungusha ufunguo mara hii na mara ile, jasho likilowesha kola.

"Pumua taratibu," mkunga akamshauri. "Usisukume kabla ya wakati."

Lakini wakati ulikuwa umefika, kwa hiyo meneja alishuka akasukuma. Waliporudi ofisini, mkunga alitaja haki yake kama alivyofundishwa, na hakuna aliyebisha. Meneja alisema tu kwamba mama angelisema tatizo tangu mwanzo, jambo hili lingekwisha zamani. Mkunga akapewa gari jingine.

Jioni ya kwanza alipoitwa kazini, alipita makutano yale akiwa ameshikilia pumzi, na gari likapita bila habari. Zahanati alimkuta binti amejikunja chini ya shuka, akiapa kwamba hapaumi popote. Mkunga akavuta kiti karibu, akamsimulia habari za mama mmoja mtu mzima aliyekimbia barabarani bila viatu kwa kuona haya kulisema gari lake. Binti alicheka hadi akashika mbavu, kisha akaonyesha panapouma. Mficha uchi hazai, hata awe mkunga.