Jina la Mtoto Kwenye Birika

Ndugu zangu, alikuwako mwalimu wa Kiyunani katika chuo kimoja cha wachungaji, kule milimani. Jumapili aliongoza ibada katika usharika jirani. Jina lake sitalitaja. Mwanamke wa habari hii nitamtaja: ni Naetwe Mbazi. Naomba mlishike.

Naetwe alikuwa ametengwa na Meza ya Bwana kwa kupika pombe ya miwa na kuiuza. Akaacha. Akatubu mbele ya usharika mzima, na mwalimu yule yule akamshika mkono, akamrudisha kundini. Miaka ikapita. Kisha mdogo wake akafariki baada ya kujifungua binti ambaye baba yake hakujulikana aliko. Kabla ya kukata roho, alimnong'oneza Naetwe jina la mtoto, akamwomba jambo moja tu: "Dada, umsimamie wewe ubatizo wake. Si mtu mwingine."

Jumamosi moja Naetwe akambeba mtoto hadi chuoni, akangoja barazani, nje ya darasa. Dirisha lilikuwa wazi, na mwalimu alikuwa amewaka, akimkaripia mwanafunzi.

"Bwana Mrutu! Nani kakwambia utafsiri 'alisamehewa'? Alisamehewa juzi, na leo je? Hii si aoristo, inayolitaja tendo tu na kuliacha! Huu ni wakati timilifu. Tendo limekwisha, hali yake ingali imesimama. Amesamehewa! Yumo ndani ya msamaha sasa hivi, anapumua! Wewe umemrudisha kifungoni!"

Naetwe hakujua aoristo ni kitu gani. Lakini alijisemea moyoni kwamba mtu anayewaonea uchungu waliosamehewa kiasi hiki hawezi kumnyima. Moyo ukamtulia.

Mwalimu akatoka, mikono imejaa chaki.

"Shikamoo, Mchungaji. Nimekuja kwa habari ya ubatizo wa kesho. Mimi ndiye msimamizi wa mtoto."

"Wewe? Wewe si ulitengwa?"

"Nilirudi, Mchungaji. Mkono huo huo ndio ulionishika."

"Najua, mama. Lakini watu wataonaje? Mke wa mzee wa kanisa atamshika. Wewe kaa nyuma."

"Watu gani, Mchungaji?"

Akapangusa chaki, akaenda zake.

Ametoka kumgombeza mtu kwa kumwondoa aliyesamehewa katika msamaha wake! Chaki ilikuwa bado haijamtoka mikononi! Mnasemaje, ndugu zangu? Alikuwa hajui, au alijua vizuri kuliko sisi sote?

Sasa, usharika ule ulikuwa na desturi yake. Jina la ubatizo halikutajwa mapema. Msimamizi ndiye aliyelitamka kwa mara ya kwanza, mbele ya birika la maji ya ubatizo. Jumapili ikafika. Mke wa mzee wa kanisa akamshika mtoto, mwalimu akachota maji kwa kiganja.

"Mtoto huyu anaitwa nani?"

Mke wa mzee akamtazama mumewe. Mumewe akatazama viatu vyake. Maji yakamvuja mwalimu vidoleni, mtoto akaanza kulia. Naetwe, benchi la mwisho, jina alikuwa nalo ulimini, na magoti yakimwasha kutaka kuinuka. Akajizuia. Alingoja aitwe.

Mwalimu akatazama nyuma, akafungua kinywa, akakifumba. Kila umbo la kitenzi cha Kiyunani alilijua kwa jina lake.

"Yule mama," akasema hatimaye. "Yule aliyetengwa. Aje hapa."

Hakuna aliyeinuka.

"Huyo hayumo humu, Mchungaji," Naetwe akajibu kutoka alipoketi.

Mwalimu akashuka, akapita katikati ya mabenchi na mkono wake uliolowa maji, mpaka benchi la mwisho. Ilimbidi aulize jina la mama huyo kabla ya kupewa la mtoto. Ndipo Naetwe akainuka, akaenda mbele, akamchukua mtoto wake.

Msimcheke mwalimu. Ninyi mnaocheka, jirani yenu aliyetoka gerezani mnamwitaje? Binti aliyezaa nyumbani kwao mnamwitaje, hata baada ya sisi wenyewe kumshika mkono hapa mbele? Tunasema Mungu amewasamehe, kisha kila asubuhi tunawafunga upya kwa midomo yetu! Nani alitupa kazi hiyo?

Nimewaomba mlishike jina la mwanamke yule. Bila kunong'onezana: anaitwa nani?

Naona mnatazama viatu.