Fundi Aliuliza Gari Linambeba Nani

Wapendwa, leo nawapeleka gereji. Kina mama msinikunjie uso. Oili chafu haitawagusa, na ninachokifuata huko ni chenu pia.

Palikuwa na baba mmoja muuza nyama, mwenye gari dogo la spoti, lile la milango miwili ambalo likipita mtaani mazungumzo yanasimama. Alilifungia taabo kubwa ya kuipa injini nguvu, akabadilisha ekzosi, akalishusha mpaka likawa linakwaruza kila tuta. Vijana wa kwaya mnacheka kwa sababu mtu wa namna hiyo mnamjua. Baadhi ya Jumamosi alikwenda kushindana na wenzake kwenye uwanja wa ndege usiotumika. Lakini gari hilohilo ndilo lilikuwa la kila siku. Hakuwa na jingine.

Na kila siku asubuhi gari lile lilikuwa na kazi moja. Baba yule alikuwa na binti wa darasa la saba, ambaye miguu yake haikuwa na nguvu tangu kuzaliwa. Alimbeba kutoka mlangoni, akamweka kiti cha mbele, akapanda naye mlima wa shule, ule wenye foleni ya malori ya mawe. Anasogea kidogo, anashika breki, anasogea tena, mpaka getini. Akishamshusha, mtoto anamshukuru baba yake kwa adabu, na baba anarudi buchani.

Sasa, injini ilipoongezwa nguvu, giaboksi ya otomatiki ikataka toki konveta mpya. Kwa msioijua, ni lile dude la mviringo kati ya injini na giaboksi, limejaa oili, na kazi yake ni kupokea nguvu ya injini na kuipeleka mbele ili magurudumu yazunguke. Iko inayoipeleka mapema: ukigusa mafuta, gari linasogea. Na iko inayongoja injini ingurume kwanza, izunguke kwa kasi, ndipo iiachie nguvu yote kwa mpigo. Hii ya pili kwenye mashindano ni tamu sana. Kwenye foleni ya mlimani inateleza, na oili inachemka. Mzee Kilave, usigune, nilikwenda kuuliza kabla ya kuja hapa!

Basi akaenda kwa fundi mmoja mwenye sifa mji mzima. Fundi akamwambia, "Kaka, kabla sijaagiza kitu, niambie. Gari linakwenda wapi kila siku, na linambeba nani?"

Swali la kawaida kabisa. Lakini baba akatupa jicho pembeni. Wenzake wa mashindano walikuwa wamekaa pale juu ya matairi, soda mkononi, wanasikiliza. Akaona haya.

"Ni la mbio tu, fundi," akasema. "Linanibeba mimi peke yangu."

"Foleni hupiti? Mlima je?"

"Foleni siijui mimi. Nifungie ile kali."

"Utaipata. Ila ukikaa nayo kwenye foleni ya mlimani itakuunguzia giaboksi. Usije ukanilaumu."

Wenzake wakapiga makofi. Niwaulize, hapo alidanganywa nani? Fundi alipungukiwa na nini?

Siku chache baadaye ikaja asubuhi ya mtihani wa mwisho wa darasa la saba. Mtihani ule haumngoji mtu. Mlango ukifungwa, mwaka mzima umekwenda. Wakaingia mlimani, malori mbele, malori nyuma. Baba akakanyaga mafuta, injini ikapiga kelele, gari likasogea kwa shida. Akakanyaga tena. Harufu ya kuungua ikaingia ndani. Mara injini inanguruma kwa nguvu zote na gari halisogei hata kidogo, linataka kurudi nyuma. Akavuta breki ya mkono, moshi ukafuka miguuni pake.

Hakupoteza muda. Akazunguka mlango wa pili, akachutama. "Panda mgongoni. Nishike shingo." Akaanza kupanda mlima ule na mtoto wa miaka kumi na mitatu mgongoni, jasho linamtoka, meno ameyauma, malori yanampigia honi.

Binti akamwuliza sikioni, "Baba, si gari limetoka kwa fundi juzi? Alikosea?"

"Hakukosea, mwanangu. Alinipa nilichomwomba."

"Kwani hukumwambia kwamba unanipeleka shule?"

Baba akamweka sawa mgongoni. "Sikumwambia."

"Ulinionea aibu?"

Wapendwa, mlima alikuwa ameuweza. Swali lile lilimshinda. Akasimama katikati ya barabara, machozi yanachanganyika na jasho. Na mtoto, ambaye ndiye aliyekosewa, akamgusa bega akasema, "Basi twende, baba. Tutachelewa."

Walifika. Mlango ulikuwa unafungwa, msimamizi akamwona yule baba alivyo, akaufungua tena.

Baba hakwenda nyumbani kubadili shati. Aliteremka moja kwa moja mpaka gereji, na wenzake walikuwa palepale juu ya matairi. Akasema mbele yao wote, "Fundi, nilikudanganya. Gari lile linambeba binti yangu. Hawezi kutembea, nampeleka shule kila siku kwa njia ya mlimani. Limekwama huko, limeungua. Toa hiyo uliyofunga. Nifungie inayomfaa yeye."

Mmoja akacheka. "Yaani gharama zote zile, kumbe ni basi la shule?"

"Ndiyo," baba akasema. "Na litafika."

Fundi akatikisa kichwa. "Ungesema siku ile, ndugu yangu. Inayomfaa ipo. Ila kwenye mashindano, pale mwanzo, wenzako watakuacha."

"Waniache."

Na walimwacha kweli. Sikuja kuwaambia kwamba alishinda tena.

Sasa sisi. Sisi tunaoomba kwa sauti kubwa mpaka majirani wanafunga madirisha, tunaomba nini? Tunaomba nguvu za kutikisa mji, tunaomba jukwaa, tunaomba mambo ambayo wenzetu wakiyasikia watapiga makofi. Na wewe mama unayemgeuza mkweo aliyepooza kitandani kila asubuhi, umewahi kumtaja kwenye maombi hapa? Na wewe baba ambaye kijana wako amechanganyikiwa, wageni wakija unamfungia chumba cha nyuma, umewahi kumwomba Mungu uvumilivu wa saa moja tu wa kukaa naye? Huombi. Unaona haya. Kisha tukikwama tunanung'unika kwamba Mungu hajibu. Je, kama alijibu? Je, kama hiki kinachotuunguza ndicho tulichokitaka wenyewe kwa vinywa vyetu?

Mimi nimechoka na maombi ya kuonekana, na nadhani hata ninyi mmechoka. Inukeni. Leo hatuanzi na mahitaji makubwa. Kila mmoja amtaje mbele za Mungu yule anayembeba, ambaye amekuwa akimficha. Mtaje kwa jina lake, kwa sauti. Jirani yako akisikia, na asikie.