Shangazi wa Mfalme na Baraka za Mabibi Harusi

Wapendwa, funikeni Biblia zenu kwanza, ziwekeni magotini. Somo la leo tutalirudia. Kabla ya hapo kuna mwanamke ninayetaka mumfahamu, na nawaomba msiwe na haraka ya kumchukia, maana najua mtamchukia.

Kulikuwa na nchi moja ya vilima, nchi ya migomba na kahawa, yenye mfalme kijana. Mfalme huyo alikuwa na shangazi, dada wa marehemu baba yake, na nchi nzima ilimwita hivyo hivyo: Shangazi. Hakuwahi kuolewa. Alilelewa na bibi yake ndani ya ikulu, akafundishwa mila zote za ukoo wa kifalme, naye akazishika kwa mikono miwili.

Ugomvi haukumwishia. Alimzuia mke wa mfalme kuingia makaburi ya wafalme kwa sababu alivaa suruali. Alisema redioni kwamba mabinti wanaokwenda kusoma ng'ambo wanarudi na vyeti bila adabu, walimu wakaandamana. Vijana wa mjini wakamchora kwenye magazeti akiwa na meno kama ya mamba. Yeye hakujali. Na lazima niseme kweli, hakuwa mnafiki. Alichowakataza wengine, yeye mwenyewe hakukifanya. Alilima shamba lake kwa jembe, hakupokea zawadi ya mtu, alifunga na kusali. Wazee wa koo walimpenda mno. "Huyu ndiye aliyebaki," walikuwa wakisema. "Siku akiondoka huyu, nchi hii imekwisha."

Kazi yake kubwa ilikuwa kubariki mabibi harusi. Kila mwaka, kahawa ikishavunwa, mabinti waliochumbiwa walikuja ikulu, na Shangazi alimvika kila mmoja kitambaa cheupe begani. Bila kitambaa hicho, koo nyingi hazikuitambua ndoa. Lakini kitambaa kikishawekwa begani, kabla ya kubarikiwa, binti aliulizwa swali moja mbele ya umati: "Umewahi kumjua mwanamume?"

Na bwana harusi je? Bwana harusi alikuwa kivulini na rafiki zake, wanacheka, wanakunywa. Yeye hakuulizwa kitu. Mnatabasamu? Subirini.

Mwaka mmoja alikuja binti aitwaye Kemilembe. Alikuja na mama yake, mjane, na ukoo wa mchumba wake ukiwa umevaa vizuri. Shangazi alikuwa ameshakiweka kitambaa begani mwake, akamwuliza lile swali. Kemilembe angeweza kusema uongo. Wengine walisema uongo, wakabarikiwa, wakapigiwa vigelegele. Yeye akasema, "Nina mtoto, Shangazi. Yuko nyumbani kwa mama."



"Vua kitambaa," Shangazi akasema.

"Shangazi, naomba nieleze nilivyompata."

"Sikukuuliza ulivyompata. Vua."

Akakivua. Kikamponyoka kikaanguka chini, na hakuna aliyeinama kumwokotea. Akatolewa kwa lango la nyuma, lile la kupitishia takataka. Ukoo wa mchumba ukanyanyuka na kuondoka, na mchumba mwenyewe akawafuata bila kugeuka. Hapo mama yake Kemilembe akapiga kelele: "Shangazi! Mtoto huyo ana baba! Mbona humwulizi baba? Amekaa pale safu ya mbele, kwenye viti vya wageni wa ikulu!"

Watu wakamshika wakamtoa na yeye.

Sasa nitawaambia kilichompata Kemilembe, kwa ufupi tu, maana kuna watoto humu. Alipokuwa msichana wa shule alikwenda kuvuna kahawa kwenye shamba la mfalme ili apate ada. Msimamizi wa shamba akamkuta peke yake ghalani. Kemilembe akapiga kelele, na waliozisikia wakaendelea kuchuma kahawa. Ndivyo mtoto alivyopatikana. Kijiji kizima kilijua. Na msimamizi huyo, kila mwaka, alikuwa anaketi safu ya mbele siku ya baraka na kupiga makofi.

Shangazi hakulijua hilo. Lakini kelele za yule mama hazikumtoka masikioni. Akauliza watumishi, wakamweleza ya msimamizi na ya ghalani huku wakiangalia chini. Akauliza wazee wa koo, wakamwambia, "Shangazi, hayo ni ya zamani, tena ni ya wanawake wa kijijini." Akaelewa kwamba ni kweli. Akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani mwake.

Akaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa Kemilembe. Akamkuta jikoni anamenya ndizi, akapiga magoti, yeye, binti wa mfalme, kwenye sakafu ya udongo.

"Mwanangu," akasema, "nimekukosea. Nisamehe."

Kemilembe hakuacha kumenya. "Shangazi, ulinivua kitambaa wapi?"

"Uwanjani. Ikulu."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu wote."

"Na radhi unakuja kuniomba jikoni, mlango umefungwa?"

Shangazi akanyanyuka, akaaga vizuri, akarudi.

Mwaka uliofuata watu wakakusanyika tena ikulu. Mabinti wakapangwa. Shangazi akatoka, lakini hakuwaendea mabinti. Alikwenda moja kwa moja safu ya mbele, akasimama mbele ya msimamizi wa mashamba ya kahawa, akamwuliza kwa sauti ya kusikika hadi langoni:

"Wewe. Kemilembe ulimfanya nini ghalani?"

Yule bwana akageuka akaangalia wenzake. Akatabasamu. Akasema, "Lakini Shangazi, mimi ni mwanamume."

Na watu wakacheka. Mnasikia wapendwa? Walicheka! Kina mama pia walicheka, wengine wakiwa wamekuja na mabinti zao.

Shangazi akangoja kicheko kiishe. Akasema, "Mwaka jana nilimtoa binti asiye na kosa kwa lango la nyuma. Nilikosa, na namwomba radhi hapa nilipomvunjia heshima. Wewe utatoka kwa lango hilo hilo, sasa hivi, na hutarudi. Na kuanzia leo mila ni ile ile, sijaipunguza hata kidogo. Nitauliza swali lile lile. Ila nitaanza na mabwana harusi."

Akawageukia wale vijana waliokuwa kivulini. "Njooni mpange mstari."

Hakuja hata mmoja.

Wakasimama wazee wa koo, wale wale waliosema akiondoka huyu nchi imekwisha. Wakapaza sauti. Amechanganyikiwa! Ameharibiwa na wanawake wa mjini! Anavunja mila za mababu! Wakamwendea mfalme, wakamwambia achague kati ya shangazi yake na utulivu wa nchi. Mfalme hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu. Akamwita.

"Shangazi, umetutumikia sana. Umechoka. Pumzika."

"Sijachoka, mwanangu."

"Shangazi, nakuomba pumzika."

Basi akapumzishwa. Akahamia kijijini, akawa jirani wa Kemilembe, na mtoto yule wakamlea pamoja. Kemilembe alimsamehe, ingawa si siku moja. Na ikulu ikateua shangazi mwingine, mama mpole, mwenye kucheka na kila mtu. Huyo akarudi kuwauliza mabinti peke yao. Wazee wakafurahi, wakasema mila imepona.

Sasa niambieni ninyi. Alipowadhalilisha mabinti miaka yote ile, alikuwa nguzo ya nchi. Siku aliyoweka swali lile lile mbele ya wanaume, akawa mwendawazimu. Mila ilibadilika? Mwanamke alibadilika? Msimamo wake ulikuwa ule ule, ukali wake ule ule. Kilichobadilika ni aliyeguswa. Wale watu hawakupenda usafi hata siku moja. Walichopenda ni kuona mtu mwingine akivuliwa!

Na sisi? Maana nawaona mnavyotikisa vichwa, mnawasikitikia watu wa vilima vile. Sisi tunaoitwa wateule, tunafanya nini humu ndani? Binti wa kwaya akionekana tumbo, anatengwa. Anavuliwa joho. Anakaa benchi la nyuma, hashiriki meza ya Bwana, na siku ya kurudi kundini anasimamishwa hapa mbele aseme kosa lake kwa kinywa chake, sisi tukimpima kuanzia kichwani hadi miguuni. Nauliza, na nina hasira nikiuliza: lile tumbo alilipata kwa upepo? Tangu kanisa hili lijengwe, ni mwanamume gani amewahi kusimama hapa kwa kosa hilo? Nitajieni mmoja. Hayupo! Wanaume wanapiga kinanda, wanapitisha vikapu vya sadaka, wanaketi safu ya mbele.

Wiki hii wazee wa kanisa walinijia wakitaka Jumapili ijayo nimtenge binti mmoja. Simtaji, ninyi mnamjua kuliko mimi. Niliwajibu hivi: mleteni na mwenzake, wasimame wawili, au asisimame mtu. Wazee walitazamana, wakaaga. Mpaka asubuhi hii hawajarudi kwangu.

Kwaya, msiimbe kwanza. Tukae kimya kidogo. Na kila mwanamume aliyemo humu, mwenye suti na asiye na suti, ajiulize mwenyewe lile swali mbele za Mungu, kwa sababu sisi wenzake hatujawahi kumwuliza.