Ushanga Mmoja wa Natiri

Paukwa!

Pakawa!

Sogezeni kuni, na mwenye kifua kibovu akae karibu na mlango, maana humu ndani yumo mtu anayekohoza watu.

Hapo zamani za kale, vitu vyote vya dunia vilikuwa na midomo. Shaba alisema, almasi alisema, hata hewa ilibisha hodi kabla ya kuingia. Na kila mmoja alivaa shanga shingoni, uzi juu ya uzi. Siku hizi wenye shule huziita elektroni. Uzi wa nje ukitimia shanga nane, mwenyewe hutulia. Usipotimia, hatulii, hata umlaze kwenye godoro la sufi.

Natiri alikuwa msichana laini, wa kukatwa kwa kisu. Uzi wake wa nje ulikuwa na ushanga mmoja tu, ukining'inia kama jino la mtoto. Kwa sababu ya ushanga huo, tone la maji likimgusa, hulipuka moto. Basi mlezi wake, Bi Sikudhani mkamua ufuta, alimlaza ndani ya mtungi wa mafuta, akamfunika.

Mwaka ule ukame uliua ufuta. Mafuta yakashuka hadi kifuani, yakashuka hadi kiunoni, yakashuka hadi magotini. Kisha, upande wa mashariki, wingu likachipuka.

"Mvua inakuja, Natiri, na uzi wako haujatimia!" akalia Bi Sikudhani. "Nenda ukaombe shanga saba, mwanangu. Mimi nitazunguka vijijini kutafuta mafuta." Akampaka yaliyobaki mwili mzima, akampa beberu wa kumsindikiza.

Beberu yule alikuwa amekonda, na kila ukuta alioupita aliulamba.

"Usinicheke," alisema. "Mwili wangu una hamu ya kitu, wala sikijui jina."

Wakafika kwa ukoo wa Shaba. Hao walikuwa wamemwaga shanga zao za nje katikati ya mkeka, zikitembea kwa yeyote. Kaa la moto likimgusa wa mwanzo, wa mwisho alipiga kelele, "Nimeungua!" Ukiwapiga nyundo, walijipinda tu, wakasogea, shanga zikawafuata.

"Shikamooni, wazee wangu. Naomba shanga saba."

"Marahaba. Saba zipi, binti? Hapa hakuna yangu wala yako. Tukizigawa, nani atatushikanisha?"

Wingu likanenepa. Mvua inakuja, Natiri, na uzi wako haujatimia.

Wakakimbia kwa kina Almasi. Kila mmoja alikuwa amewashika jirani wanne, ushanga wake na wa jirani zimefungwa fundo moja. Beberu aliwasukuma kwa kichwa, pembe ikapasuka.

"Hatusogei," wakasema. "Unamwona ndugu yetu Makaa? Shanga zake ni kama zetu, hesabu ile ile. Ila yeye kashikana ovyo, ukimgusa anakupaka weusi. Tukikuachia hata mmoja, tutaanza kulegea kama yeye. Pita, dada."

"Wagumu mpaka salamu," akanung'unika beberu, akilamba pembe yake.

Upepo ukaleta harufu ya udongo uliolowa. Natiri alihisi mafuta yakimkauka mgongoni. Mvua inakuja, Natiri, na uzi wako haujatimia.

Likabaki pango la Klori. Huyo alikuwa wa rangi ya kijani kibichi, na pumzi yake ilikausha majani na kuwaangusha ndege.

"Usiingie!" akapiga kelele kutoka ndani. "Kila anayenisogelea nampora. Sipendi, lakini mikono hainisikii. Nakosa mmoja. Mmoja tu!"

Tone la kwanza likaanguka mbele ya Natiri. La pili likaanguka nyuma yake. La tatu likamgusa kisigino, cheche zikaruka. Akajitupa ndani ya pango.

"Nipe shanga saba!" alisema.

"Ninazo saba," Klori akajibu. "Nikikupa, mimi nivae nini? Nipe wewe huo mmoja!"

"Nikupe, nibaki na uzi mtupu?"

Beberu alikohoa mlangoni. Maji yakaanza kutambaa sakafuni. Kwa hofu Natiri akajishika shingo, na vidole vyake vikagusa uzi wa ndani. Maisha yake yote aliambiwa atafute. Hakuna aliyemwambia ahesabu alizonazo. Akahesabu. Akahesabu tena.

Nane.

Uzi wa nje ukikatika, huu wa ndani ndio utakuwa wa nje. Na kama vidole vinanidanganya? aliwaza. Maji yakafika karibu na unyayo. Akafumba macho, akauvuta ushanga wake, uzi ukakatika.

"Chukua, kaka. Sikukopeshi. Nakupa."

Mwali wa manjano ukajaa pangoni. Ulipozima, hapakuwa na kikohozi. Aliyetoa na aliyepokea huvutana, na hao wawili walivutana, na wenzao, kina Natiri na kina Klori, wakafuata, wakajipanga kwa zamu, mtoaji na mpokeaji, mpaka wakawa chembe nyeupe zenye pembe. Hawakujipinda kama Shaba. Ukiwapiga, mtoaji huangukia mtoaji, wakasukumana, wakapasuka.

Maji yakawazingira, yakaanza kuwatenganisha.

"Klori, nitaungua!"

Akausubiri moto. Akausubiri. Moto haukuja.

Mvua ikanyesha, ikawabeba nje, ikajaza madimbwi, jua likayakausha. Bi Sikudhani akaja mbio na mtungi wa mafuta kichwani. Njiani kiu ilikuwa imemshika, akanywa maji ya dimbwi. Akaita mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu akamkuta beberu peke yake, amefumba macho, analamba ardhi nyeupe.

"Ndicho hiki!" beberu alisema. "Mama, ndicho hiki!"

"Natiri yuko wapi?"

Beberu akaacha kulamba.

Bi Sikudhani akautua mtungi, akakaa chini, akalia. Chozi likamfika mdomoni. Akashtuka. Akachovya kidole kwenye ule weupe, akaonja. Ladha ilikuwa ile ile ya chumvi.

"Kumbe umo humu, mwanangu," akasema, akigusa jicho lake lililolowa. "Umo majini, na huungui."

Hadithi yangu imeishia hapo. Asiyeniamini na alambe chozi lake.