Mghoi na Ngoma ya Nyuki

Enyi wana wa Irindi, tulieni niwape asili yenu. Zama za mababu, kilima hiki kilipokuwa bado hakina jina, aliishi Mghoi binti Mwakio, mjukuu wa Mlamba mfua vyuma, mwanamke wa mabega mapana na kicheko kikubwa, Mghoi Mwenye Masikio, aliyesikia yaliyowapita wenziwe.

Mara mbili tembo walikuwa wamewahamisha watu wake. Walipolima mtama hapa kilimani, wazee walitamka kwamba huu nao ukiliwa, kila ukoo ushike njia yake ukaombe hifadhi kwa wageni. Mghoi aliumia sana, maana ndugu waliotawanyika hivyo wasingeonana tena.

Ilikuwa desturi, mtama ukiiva, kuipiga ngoma ya shukrani kando ya shamba kabla ya kuvuna. Tembo wakitokea, watu waliipiga kwa nguvu zaidi ili kuwatisha, hata viganja vikavimba, na tembo wakazidi kumiminika. Siku moja akipalilia, Mghoi alimkumbuka tembo jike mkongwe, Sikio Pengo, ambaye mavuno yaliyopita, kule walikohama, alikuwa akisinzia mbali bondeni, na ngoma ilipolia akaamka, akaliongoza kundi moja kwa moja hadi shambani. Mghoi alicheka mpaka akaketi chini.

“Hatuwatishi, wazee wangu, tunawakaribisha,” alitangaza. “Yule mkongwe amejifunza kwamba ngoma ni chakula. Nami nitamfundisha upya.”

Wazee walimwona amerukwa na akili, lakini wao wenyewe hawakuwa na la kufanya. Mtama ukiwa ungali mbichi, Mghoi alitundika mizinga ya nyuki kuuzunguka uwanda mtupu chini ya kilima, akaiunganisha kwa kamba, kisha akaipiga ngoma mwenyewe. Tembo walikuja mbio na matumaini yao, Sikio Pengo akiwa mbele. Aliisukuma kamba kwa kifua, mizinga ikatikisika, nyuki wakamwingia hadi mkongani. Kundi zima liligeuka likipiga kelele, na Mghoi naye akatimka upande wake, mashavu yamevimba, akicheka. Alirudia hivyo mpaka ikawa ngoma ikilia tu, tembo wanakimbilia mbali. Mtama uliiva, ukavunwa wote, na hakuna ukoo uliohama. Ndipo kilima kikaitwa Irindi, kwa jinsi ngoma ile ilivyorindima, nao wakajiita Wairindi.

Uzeeni Mghoi aliwausia: “Ngoma isilie kamwe pasipo nyuki. Mkiwadanganya tembo watajua, na wakijua watarudi.”

Alipofariki, msiba mkubwa namna ile haukuweza kukosa ngoma, na usia haukuweza kuvunjwa. Basi waombolezaji walitanguliza mzinga mbele ya maiti. Nyuki hawakujali msiba. Waliwauma wazee, wakawauma wafiwa, wakamtoa mchimba kaburi shimoni, na watu wakakimbia wakimwacha marehemu peke yake njiani. Walirudi wamevimba nyuso, wakitazamana, wakilia na kucheka kwa pamoja, wakamzika. Bondeni tembo waliisikia ngoma, wakageuza njia.

Tangu siku hiyo Mwirindi huzikwa kwa ngoma na mzinga. Mgeni akitukuta makaburini midomo imevimba, tunacheka huku tunalia, hutushangaa sana. Nasi humkaribisha nyumbani, tukampakulia ugali wa mtama.