Mlinda Lango Hafagii Uani

Mlinda lango hafagii uani. Tulieni, enyi kidato cha kwanza, maana hii ni methali nzito. Iliachwa na wahenga wenye mvi, ikapita vinywani mwa mababu na mababu wa mababu, hadi ikamfikia Matroni Atuganile, ambaye leo mchana mmemsikia akiirusha kwa mpishi aliyeacha maharage motoni akaenda kupanga sahani. Mmeuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi: muhula uliopita, Jumamosi, pale mferejini nyuma ya bweni. Wahenga wenyewe wako hai, na mmoja wao bado anatafuta suruali yake.

Kaeni hapa ngazini na msimulizi wenu, ambaye yuko mlangoni pa bweni kwa kazi muhimu isiyowahusu. Harufu ya mahindi inayotoka ndani msiijali.

Mto Lwivala unatupatia vitu viwili, umeme na maji ya kufulia. Vyote hupitia mfereji mmoja, na mfereji una lango la chuma. Mvua ikinyesha milimani, maji huteremka bila kupiga hodi. Lango lisiposhuka papo hapo yanaingia mferejini, na kila Jumamosi mferejini mmejaa watoto wenye sabuni machoni. Zamani lango lilizungushwa kwa mkono na mlinzi mmoja. Alipostaafu, bodi ya shule ikaamua kazi hiyo ifanywe na kompyuta.

Hapo ndipo anapoingia Injinia Sekela Mwalyambi. Alisoma hapa hapa na kufua sare kwenye mawe yale yale. Siku moja, akiwa kidato cha pili, lango lilichelewa kidogo tu, na rafiki yake akaokotwa kwenye matete akiwa hai kwa rehema ya Mungu. Sekela hakusahau. Programu ya lango aliiandika kwa lugha ya zamani, maana kompyuta nazo huamriwa kwa lugha, na lugha hizo hazifanani. Ile yake ilikuwa kali kama matroni. Kila utakachotumia unakitaja mapema na kukitengea mahali pake kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na ukikosea inakukatalia ungali mezani. Kwenye kioo cha kompyuta yake kulikuwa na taa mbili, ya kijani na nyekundu. Basi.

Mwingine aliyeomba kazi ile alikuwa Festo Kilasi, kijana mwenye viatu vyeupe ambavyo havijawahi kukutana na tope la Lwivala. Yeye aliandika kwa lugha ya kisasa, na kioo chake kilikuwa na mto wa buluu na samaki wakiogelea. Wajumbe wa bodi walipoona samaki, hebu fikirini, watu wazima wenye tai, walipiga makofi.

"Lugha hii ni nadhifu," Festo alisema. "Kumbukumbu wewe tumia tu, tupa tupa takataka humo, yenyewe inajifagilia."

"Inafagia saa ngapi?" Sekela aliuliza.

"Ikijisikia, dada. Taka zikijaa."

"Na ikiwa inafagia, nani ameshika lango?"

Festo alicheka. "Ni kufumba na kufumbua tu."

"Maji hayafumbi macho." Sekela alimgeukia mwenyekiti, Mzee Mligo. "Mzee wangu, lugha yake si mbaya. Iandikie matokeo ya mitihani, iandikie duka la shule. Huko ikifagia, mtu atasubiri. Hapa hakuna wa kusubiri. Mlinda lango hafagii uani."

"Binti yangu," Mzee Mligo alisema kwa upole unaochoma kuliko tusi, "hiyo methali hatuijui. Na programu yako haina hata samaki."

Wakaipitisha ya Festo. Sekela akabakiziwa kazi ya kufunga nyaya, yaani kuziunganisha na lango asiloliamini. Alitoka nje kwa hasira. Walikuwa wamechagua kwa macho kitu ambacho watoto wa wenzao wangekilipia kwa pumzi! Alisimama ukingoni, akayatazama mawe ya kufulia, kisha akarudi ndani bila kubisha.

"Nina ombi moja tu, waheshimiwa. Jumamosi hii wanafunzi wasifue. Fueni nyinyi."

"Sisi?" akaruka Mwalimu Mgaya, mkuu wetu wa shule.

"Ninyi mmeliamini. Mimi nitasimama kwenye usukani wa zamani wa kushushia lango kwa mkono, asije akafa mtu. Au mnaogopa, Mwalimu?"

Mtu mzima akiulizwa hivyo mbele ya wenzake hana pa kukimbilia. Jumamosi ikafika, na shule nzima ikapangwa ukingoni kama kwenye gwaride. Wajumbe wakashuka mferejini wamekunja suruali. Mwalimu Mgaya, aliyetaka kuonyesha imani kubwa kuliko wote, alishuka na bukta ya michezo, akaanza kufua suruali yake nzuri ya suti.

Kule juu mlinzi wa shule aling'oa mbao za kidimbwi kilichozibwa kwa ajili ya jaribio, maji ya kufika magotini yakashuka. Kipimo cha maji kikayahisi. Lango likaanguka, pwaa! Mfereji haukupata hata tone. Tukashangilia. Wakarudia, likaanguka tena.

"Mama injinia, unaona sasa?" Festo alisema.

Moyoni Sekela aliomba awe amekosea, maana aibu yake ingekuwa heri kwa watoto. Lakini mikono hakuitoa kwenye usukani. Kwenye kioo samaki waliendelea kupita, na kila aliyepita aliacha takataka zake ndani ya kompyuta.

Mbao ziling'olewa tena. Maji yakaja. Samaki wakaganda katikati ya kioo. Lango halikutikisika.

"Mbona limesimama?" Mzee Mligo alipaza sauti, povu likiwa limemjaa kiganjani.

"Linafagia!" Sekela alijibu, naye tayari akizungusha usukani kwa nguvu zote. Maji ya mwanzo yalishapita. Mwenyekiti alikaa chini bila kupenda. Mwekahazina wa bodi alimkumbatia Festo, ambaye alikuwa ameshuka kumpa moyo, na viatu vyeupe vikapata ubatizo. Suruali ya mkuu iliinuka, ikapunga mguu mmoja kuaga, ikateremka zake. Lango lilipogonga chini kwa nguvu za mkono ndipo samaki wakaanza kuogelea tena, wazima kabisa, na kompyuta ikatangaza kwamba kila kitu kiko salama.

Sekela hakucheka. "Wangekuwa watoto," alisema. "Na yangekuwa maji ya masika."

Mzee Mligo alikamua tai yake, akapanda ukingoni, akatuhutubia: "Tutachukua programu yenye taa mbili. Kama walivyosema wahenga, mlinda lango hafagii uani."

Wahenga! Heshima Sekela aliwaachia wahenga, lango akalichukua yeye. Tangu siku hiyo tunafua kwa amani. Ila mkuu wetu, maskini, suruali ile ya kijivu...

"Ya buluu."

Kidato cha kwanza walikuwa wameshasimama wima. Msimulizi wenu aligeuka taratibu. Mwalimu Mgaya alikuwa nyuma yake, pua juu, akinusa.

"Wewe unafanya nini mlangoni?"

"Nawafundisha wadogo zangu methali, Mwalimu."

"Na hao wanaokaanga mahindi humo bwenini kwa jiko la umeme la magendo, walikuweka hapa ufundishe methali?"

Msimulizi alitazama ngazi. Ndani kikaango kililia chaa, na wenzake walikuwa wakicheka kwa raha, wakitegemea mluzi wa tahadhari ambao haukupigwa.

"Hapana, Mwalimu," alikiri. "Waliniweka nilinde lango."

"Enhe. Na wahenga walisemaje?"

"Mlinda lango, Mwalimu... hafagii uani."