Chungu Kibichi cha Lugano

Hapo zamani, na asiniulize mtu zamani gani, maana wengine mliokaa hapa hata jana hamuikumbuki, palikuwa na kijiji kando ya ziwa kikiitwa Ndolelo. Milima ilikisukuma mpaka kikabaki na mchanga tu. Shamba la maana hakuna. Walichokuwa nacho ni udongo mwekundu wa mtoni. Wanawake wa Ndolelo waliufinyanga ukawa vyungu, wakavipakia mitumbwini, wakavuka navyo ghuba kwenda gulioni. Mwanamke asiyepanda mtumbwi pale alihesabiwa mgeni, hata kama amezaa hapo.

Basi kijana mmoja, Lugano, akaenda kuoa milimani. Akamleta binti aitwaye Subilaga. Binti wa watu! Huko kwao maji ni ya kisima. Ukiinama unayaona yote. Alipoliona ziwa akauliza, "Upande wa pili uko wapi?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliukamata mkono wa mumewe, na Lugano akamwambia neno alilokuja kulirudia mpaka siku yake ya mwisho:

"Mimi nipo. Unaogopa nini?"

Subilaga alimpenda kwa neno hilo. Aliipenda na nyumba waliyopewa, chumba na ukumbi, mlango ukitazama majini. Kwao alikuwa yatima, leo analala kwa shangazi, kesho kwa mjomba, na kila alikolala aliamshwa aende kwingine. Hii ndiyo nyumba ya kwanza aliyoambiwa, "Hii ni yako." Shikeni hilo, nitalirudia.

Sasa, Ndolelo walikuwa na desturi. Bibi harusi aliyetoka nchi kavu hapandi mtumbwi wa mizigo mpaka apinduliwe kwanza. Mama mkwe humpeleka kwenye maji ya kifuani, wakapanda mtumbwi mtupu, kisha mama mkwe huupindua kusudi. Tena na tena, mpaka bibi harusi ajue la kufanya bila kufikiri, kwa sababu ziwa halimngoji mtu afikiri.

Mama yake Lugano, Mama Tupokigwe, alikuwa bingwa wa kufinyanga na bingwa wa ulimi. Akamchukua mkwewe asubuhi. Asagwile, dada yake Lugano, akaja kusaidia.

Puu! Mtumbwi tumbo juu. Subilaga akameza maji, akamkumbatia mama mkwe shingoni.

"Usinishike mimi! Mti unaelea, mtu anazama. Shika mtumbwi!"

Puu! Akamkamata wifi yake nywele.

"Shika mtumbwi! Hata akikuita mama aliyekuzaa, shika mtumbwi!"

Puu! Safari hii akaushika, kucha zikaingia kwenye mti.

"Haya," akasema Mama Tupokigwe. "Sasa umeanza kuwa mtu. Kesho nusu ya pili."

Nusu ya pili ndiyo ya kurudi. Wawili huugeuza mtumbwi, mmoja huku, mmoja kule. Huutikisa mpaka maji yamwagike. Mmoja hupanda kwa nyuma huku mwenzake ameuegemea upande wa pili, kisha huyakomba maji yaliyobaki kwa kata. Na kama mwenzenu ametupwa mbali, humfuati. Unafungua nguo yako ya kiunoni, mkono mmoja haubanduki kwenye mtumbwi, unamrushia upindo, anaushika, unamvuta. Ndiyo maana wanawake wa Ndolelo walijifunga nguo mbili hata jua likiwaka. Wageni walidhani ni heshima tu.

Kesho hiyo haikufika. Lugano alimkuta mkewe nyumbani, macho mekundu, anatetemeka, akaenda moja kwa moja kwa mama yake.

"Mama, basi. Unamfundisha au unamuua?"

"Namfundisha asife."

"Nitamfundisha mwenyewe, taratibu."

"Wewe? Wewe mvivu, uliyekuja duniani na mkeka mgongoni?"

"Ni mke wangu, mama."

Hapo mama akanyamaza. Na ukimya ule wa mama mbele ya mwanawe wa kiume, jamani, umeua watu wengi.

Je, alimfundisha? Thubutu! Subilaga akiuliza, jibu ni kesho. Akiuliza tena, leo kuna baridi. Akizidi kuuliza, "Mimi nipo, unaogopa nini?" Mama Tupokigwe naye akauliza siku moja, "Umemmalizia yote?" Lugano akajibu bila kupepesa macho, "Yote." Subilaga alikuwa palepale anachambua mboga. Alisikia. Hakutaka kumuumbua mumewe, na kusema kweli hakutaka kurudishwa majini. Akaendelea kuchambua mboga.

Ngojeni, kuna kamba. Msiniache niisahau kamba.

Ndolelo vyungu havifungwi mtumbwini. Vinapangwa juu ya majani makavu, basi. Mtumbwi ukipinduka vinaporomoka, vinazama, mtumbwi unabaki mwepesi na watu wanapona. Chungu kitafinyangwa kingine. Lakini msimu uliopita Asagwile alivipoteza vyungu vya mama yake kwa njia hiyo hiyo, na Mama Tupokigwe alimsema asubuhi, akamsema jioni, akamsema mbele ya wageni. "Afadhali ungezama wewe vikabaki vyungu!" Maneno ya hasira hayo, sote tunayasema. Ila mwenye kuambiwa hayasahau. Msimu huu Asagwile alipakia vyungu, akavifunga kwa kamba ya magome, fundo juu ya fundo.

Siku ya gulio walikuwa watatu. Asagwile nyuma na kafi, Lugano mbele na kafi, Subilaga katikati ya vyungu. Lugano akaiona ile kamba.

"Dada, tangu lini tunafunga?"

"Kamuulize mama yako."

Lugano akacheka, wakasukuma mtumbwi.

Walipofika katikati ya ghuba upepo ukashuka kutoka milimani, wa ghafla. Wimbi likawapiga ubavuni. Puu! Na hii haikuwa ya kufundishia.

Subilaga alipoibuka aliushika mtumbwi. Hakufikiri, mikono ilikwenda yenyewe, kama alivyofundishwa. Asagwile aliibuka upande wa pili. Lugano akaibuka karibu na mkewe. Wote watatu hai, wote wameshika, na mngesema hadithi imekwisha. Lakini mtumbwi ulikuwa unazama chini yao. Vyungu vilikuwa bado vimefungwa ndani, vimejaa maji, vinauvuta kama jiwe.

"Kamba!" Asagwile akapiga kelele. "Lugano, kamba!"

Lugano alikuwa na kisu kiunoni. Akamtazama mkewe. Akasema, "Mimi nipo," akazama chini ya mtumbwi.

Subilaga alihisi mtumbwi ukitetemeka. Kisha ukaruka juu, mwepesi. Kamba imekatika, vyungu vyote vimeshuka kwa mkupuo, na Lugano alikuwa chini yavyo. Alipoibuka aliibukia mbali kidogo, bega limevunjika, mkono mmoja unaning'inia. Si mbali, jamani. Ukiunyoosha mkono na yeye akaunyoosha wake, pangebaki nafasi ya nguo moja.

"Nguo!" Lugano akaita. "Nirushie nguo!"

Nguo? Subilaga hakuelewa. Alidhani akili imemruka. Kiunoni alikuwa na nguo mbili, kama wanawake wote wa Ndolelo, na hakujua zilifungwa kwa ajili ya nini. Upande wa pili Asagwile hakuona kitu, tumbo la mtumbwi limemkinga, ila alisikia sauti, si maneno, na alijua binti wa nchi kavu hufanya nini akiitwa. Akapaza sauti kwa nguvu zake zote:

"Wifi! Shika mtumbwi! Usiuache, shika mtumbwi!"

Lugano akaita tena. Safari hii hakutaja nguo. Aliita jina tu. "Subilaga!"

Subilaga akashika mtumbwi.

Mfa maji haachi kutapatapa. Lugano akatapatapa, kisha akaacha.

Waliobaki walirudi salama. Asagwile alimwelekeza mwenzake huku analia, na Subilaga akafanya. Waliugeuza mtumbwi, wakautikisa, Asagwile akapanda kwa nyuma, akamvuta wifi yake ndani. Kata ilikuwa imepotea. Wakayakomba maji kwa viganja mpaka mtumbwi ukatulia. Kila alipokomba, Subilaga alitazama majini. Ziwa lilikuwa limetulia, halina hata aibu.

Maji yalimrudisha Lugano kwenye matete. Wakamzika uani, mbele ya mlango ule unaotazama ziwa.

Desturi ya pili ya Ndolelo ndiyo hii, na ni nzito. Aliyekufa majini, matanga yake hayaanuliwi mpaka mtu mmoja abebe chungu kibichi. Ni chungu kilichofinyangwa, hakijaona moto. Mtu ambaye kifo kile ni chake, yaani aliyekisababisha, hukiweka kichwani, huingia nacho ziwani mpaka maji yamfike shingoni, akasimama humo hadi udongo uyeyuke umtiririkie usoni. Akitoka, hatoki upande wa kijiji. Anakwenda zake, na nyumba ya marehemu haioni tena, wala kaburi. Asipopatikana wa kukibeba, mvua ikakiyeyusha mchangani, jina la marehemu halitajwi tena, wala mtoto hapewi jina hilo. Anakuwa kama hakuzaliwa.

Kwa hiyo wakakusanyika ufukweni. Chungu kilikuwa kwenye mchanga. Alikifinyanga Mama Tupokigwe mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye mfinyanzi wa nyumba ile. Mzee Kasyupa, baba mdogo wa marehemu, ndiye aliyesimamia. Hakuwa mtu wa busara sana. Alitaka liishe, alitazama mawingu milimani, akasema, "Haya, semeni."

Mama Tupokigwe akaanza. "Mimi nilifundisha, nikakatizwa. Nikauliza, nikaambiwa amefundishwa yote, na huyu mwanamke yupo, anachambua mboga, kimya! Mwanangu kafa umbali wa nguo, na yeye nguo anazo mbili! Akibebe yeye."

Asagwile akasema, "Mama, usimwonee. Mtumbwi usingehitaji kukatwa kamba kama nisingefunga. Na nisingefunga kama usingeniambia afadhali nizame mimi. Umesahau? Mimi sijasahau. Kamba niliifunga mimi, lakini aliyeisokota ni ulimi wako."

"Na nani aliyempigia kelele ashike mtumbwi?"

"Ni nani aliyenifundisha kelele hiyo?"

Mtu mmoja nyuma akanong'ona kwamba mwenye kosa ni Lugano mwenyewe, aliyesema uongo. Mzee Kasyupa akamkatiza, "Marehemu hasemwi. Tena marehemu habebi chungu. Bibi harusi, sema."

Subilaga aliitazama ile nyumba. Mlango ulikuwa wazi, kaburi mbele yake udongo bado mbichi. Alijua angeweza kusema maneno mawili tu, "Sikufundishwa," na nusu ya watu pale wangeitika, na usiku angelala kwake. Hakuwa na kwingine pa kulala duniani. Aliitaka nyumba ile mpaka kifua kikamuuma.

Akasema, "Aliniita mara mbili. Mara ya kwanza aliita nguo, sikuelewa. Hilo Mungu anajua. Mara ya pili aliniita jina. Hilo nilielewa. Sikushika mtumbwi kwa sababu nilifundishwa. Nilishika kwa sababu niliogopa kufa."

Mzee Kasyupa akayatupia tena jicho mawingu.

"Basi," akasema mzee Kasyupa, "amejisema mwenyewe. Limekwisha."

Subilaga akainama, akakizungushia chungu mikono yake. Lakini mkono mwingine ukashuka ukashika mdomo wa chungu. Mama Tupokigwe. Alikuwa amebadilika sura kama mtu aliyeamshwa vibaya.

"Wacha, mwanangu," akasema, na hakuwahi kumwita mwanangu kabla ya hapo. "Kila mtu huogopa kufa. Ndiyo maana tunafundisha. Nilikupa nusu ya maneno, ile nusu ya kukuponya wewe. Nusu ya kumponya mwenzio nikamwachia mtoto niliyemjua tangu mchanga kuwa hamalizi jambo. Nilijua. Niliona haya kubishana naye mbele ya mkewe."

"Kamba ni yangu," akasema Asagwile, na yeye akakishika. "Vyungu vilivyomvunja bega nilivifunga mimi, kwa hasira, nikijua haifanywi."

"Mama, wifi, niachieni," Subilaga akasema. "Aliniita mimi."

Wala wasidhani watu kwamba ule ulikuwa ukarimu rahisi. Kila mmoja alikuwa na nyumba ile moyoni, na kaburi lile. Mama hana mwana mwingine wa kiume, Asagwile hana kaka mwingine, Subilaga hana nyumba nyingine. Na vidole vyao vilikuwa vimeanza kuingia kwenye udongo, maana chungu kibichi hakivutwi na watu watatu.

Tone la kwanza la mvua likaanguka mchangani. La pili likaanguka ndani ya chungu.

"Mmoja!" mzee Kasyupa akafoka. "Mmoja tu, upesi, kabla jina la mtoto wetu halijayeyuka!"

Wakamtazama yeye. Yeye akawatazama waliokusanyika. Haya, nami nawatazama ninyi, na mvua ndiyo hiyo inakuja: mama aliyefundisha nusu, wifi aliyefunga kamba, au mke aliyeitwa jina lake akashika mtumbwi. Je, nani alistahili kukibeba chungu kile?